Shauri la Ishirini Limefaulu

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu anastaafu! Ametangaza leo saa ya chai, makombo ya biskuti yakimdondoka kifuani. Mwisho wa mwezi kiti chake kitakuwa wazi. Atakayekikalia ni mmoja kati ya wasuluhishi wawili wa ofisi hii: mimi, au yule mama wa meza ya dirishani ninayemwita Bi Polepole. Kimoyomoyo tu. Usoni namwita dada. Karani wa mapokezi naye alijikohoza kana kwamba anafikiriwa. Masikini.

Uamuzi utatolewa Jumatatu ya tarehe 17, na utafuata ubao. Ubao wenyewe umetundikwa karibu na mtungi wa maji, una safu tatu: Imefaulu, Haikufaulu, Inaendelea. Mwongozo wa ofisi, ukurasa wa sita, unasema shauri limefaulu pale pande zote mbili zinapotia saini hati ya makubaliano, na hakuna aliyerudi kulalamika. Ukurasa huo nimeusoma mara nyingi kuliko barua zote nilizopata kuandikiwa na mke wangu tulipokuwa wachumba.

Tangu Julai nimepewa mashauri kumi na tisa. Yote yamefaulu. Bi Polepole amepewa kumi na tisa pia: saba yamefaulu, kumi na mawili "yanaendelea". Kuna majirani wawili waliogombania ukuta, amekaa nao miezi saba. Siku hizi wanakuja kumsalimia, wamekodi gari moja, wanacheka mpaka ngazini. Hati hawajatia saini. Wanasema wanasahau! Sasa hayo ni matokeo gani?

Shauri la ishirini nimekabidhiwa leo. Dada na mdogo wake wa kiume, tumbo moja. Dada ni fundi cherehani, mdogo wake ni dereva wa lori. Wanagombania mama yao. Nimefurahi. Mama si kiwanja, hakuna haja ya kwenda kupima.

Nyumbani amani kamili. Mke wangu hajanisemesha tangu Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha kwanza. Chumba chetu cha usuluhishi kina meza ya duara, ili asiwepo wa kukaa mbele. Mimi nilikaa mbele. Hata meza ya duara ina mbele, ukijua kuketi.

Fundi ni mwanamke wa makamo, mkavu, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Dereva ni jitu la mtu, mikono mikubwa isiyojua pa kukaa. Hawakutazamana. Kila mmoja alisema na mimi, kama vile mwenzake ni kabati.

Mambo yenyewe ni haya. Mama yao alipigwa na kiharusi, mwaka wa pili sasa yuko kitandani nyumbani kwa Fundi. Fundi ndiye anayemlisha, anayemgeuza, anayemwosha. Dereva anataka kumwona. Fundi hataki akanyage. Sababu: baba yao alipokuwa mahututi, Dereva alituma ujumbe kwamba yuko njiani. Mzee akamngoja siku nne, macho mlangoni. Siku ya nne asubuhi akakata roho, jioni Dereva akatokea. Dereva anasema lori lilivunjika ekseli porini na simu haikushika mtandao. Fundi anasema basi na miguu nayo ilivunjika? Tangu hapo, miezi minane, hajamfungulia mlango. Amesema mama hatangojeshwa kama baba alivyongojeshwa.

Dereva hakubisha. Aliomba dakika kumi tu, hata za kusimama mlangoni. Daktari amewaambia mama hana muda mrefu. Kisha akaanza kulia, jitu lote lile! Nikatazama saa. Kwa uzoefu wangu kilio kinachukua dakika saba hadi tisa, na hakiandikwi kwenye hati.

Nikaahirisha hadi Alhamisi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimetumia mbinu zangu zote. Naziandika hapa kwa faida ya vizazi vijavyo.

Mbinu ya kwanza ni kuita kikao saa sita na nusu, watu hawajala. Ya pili ni kuzima feni na kusema imeharibika. Ya tatu ni kiti chenye mguu mfupi, anachopewa yule mkaidi. Mtu anayeyumba hawezi kushikilia msimamo. Nilimpa Fundi. Akakaa, akayumba mara moja, akafungua mkoba, akatoa kipande cha kitambaa, akakikunja mara nne na kukipachika chini ya mguu wa kiti. Kikatulia tuli! Hata samahani hakusema. Nimeanza kumchukia huyu mama.

Baadaye nikawatenganisha. Fundi alibaki kwenye meza, Dereva nikampeleka stoo ya majalada, nikawa nakwenda huku na kule na maneno yao. Kwa kuwa feni ilikuwa imezimwa, nililowa jasho mimi peke yangu. Fundi akaniuliza kama naumwa.

Bi Polepole alinidaka ukumbini. Akasema, kwa sauti yake ile ya kubembeleza mtoto, kwamba amemtazama yule dada alipokuwa anaingia, na anadhani kuna jambo limemkaa kooni ambalo si lile la baba. Akanishauri nikae naye kidogo, tunywe chai, bila karatasi mezani. Tena akasema ni afadhali Dereva amwone mama kwanza, makaratasi yafuate. Nilimshukuru. Chai bila karatasi! Ndiyo maana ana saba.

Ijumaa, 7 Machi

IMEFAULU!

Hati niliiandika asubuhi mezani nyumbani, kwa utulivu mkubwa, maana hakuna anayenisemesha. Ni kazi yangu bora kuliko zote. Vipengele vinne.

Kwanza, pande zote mbili zinatambua umuhimu wa amani. Kipengele hiki hakuna aliyewahi kukikataa. Pili, hakuna atakayemtolea mwenzake maneno makali. Tatu, Dereva atakaa umbali wa hatua hamsini kutoka mlango wa Fundi, na pande hizi hazitaendeana wala kutumiana ujumbe, mpaka itoke barua inayotajwa kwenye kipengele cha nne. Nne, utaratibu wa kumwona mama utapangwa na msuluhishi, kwa barua.

Mnaona ufundi? Fundi alisoma cha tatu, uso ukalegea, akatia saini. Dereva alisoma cha nne, uso ukang'aa, akatia saini. Kila mmoja amepata alichotaka na hakuna aliyepata kitu. Huo ndio usuluhishi.

Dereva aliuliza barua itatoka lini. Nikasema hivi karibuni. Nalipenda sana neno hili, halijawahi kumfunga mtu. Halafu nikawakumbusha kwamba atakayekiuka hata kipengele kimoja atasimama mbele ya hakimu, na hakimu hana masihara. Kwenye mwongozo hakuna kitu kama hicho, ila kinawafanya watu wakae wima. Dereva alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaniambia Mungu anilipe.

Nimebandika karatasi ya kijani kwenye safu ya Imefaulu kwa mkono wangu. Ishirini kwa ishirini! Bi Polepole aliisoma hati kutoka juu hadi chini, akauliza na yeye barua itatoka lini. Wivu mtupu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri mwisho wote wa wiki, na nimegundua hatari. Hatari ni barua.

Nikiandika kwamba Dereva aende Jumanne, Fundi anaweza kusema anataka Alhamisi. Nikiandika saa nne, atasema hiyo ni saa ya kumwosha mama. Watabishana. Wakibishana, wamerudi. Wakirudi, karatasi yangu ya kijani inahamia Inaendelea, na mimi nakwenda na maji. Kwa hiyo barua haitaandikwa kabla ya tarehe 17. Ni wiki moja tu! Mama wa watu amelala pale miaka miwili, wiki moja itamfanya nini?

Dereva amepiga simu mara tatu. Kila simu inayotoka kwa mtu wa shauri karani huiandika kwenye daftari la waliorudi. Nikamwomba aziandike kama salamu. Akakataa, akajifanya ana maadili. Nikamwahidi kwamba nikiwa Mkuu meza ya dirishani itakuwa yake. Akaandika salamu. Salamu tatu kwa siku moja, shauri moja. Watu wataona jinsi wateja wangu wanavyonipenda.

Mke wangu amehamia kwa dada yake. Ameacha kikaratasi kwamba anapumzika. Hakuna malalamiko rasmi.

Jumatano, 12 Machi

Dereva amekuja mwenyewe. Nilimwona kupitia kioo akipanda ngazi, nikaingia stoo ya majalada na kufunga mlango. Nikakaa juu ya mashauri ya mwaka juzi. Vumbi lile si mchezo. Nilibana chafya mpaka masikio yakaziba, lakini nilisikia kila kitu.

Hakuja kugomba. Angekuja kugomba ningejua la kufanya. Alimsalimu karani, akauliza taratibu kama ile barua imekamilika. Akaeleza kwamba safari ya wiki hii ameikataa, mzigo amepewa mwenzake, kwa kuwa barua inaweza kutoka wakati wowote na hataki imkose tena njiani. Alisema kila siku alasiri anasimama kwenye duka la pembeni, ng'ambo ya nyumba ya dada yake. Amehesabu. Ni hatua hamsini na tatu. Ameongeza tatu ili asimkosee msuluhishi. Kutoka pale anaona dirisha la mama. Juzi pazia lilisogezwa, akadhani ameona mkono.

Karani, yule yule wa salamu, akampa maji. Nikamsikia akivuta kamasi. Kisha nikasikia viatu vya Bi Polepole vikija. Balaa! Nikatoka mbio, utando wa buibui kichwani, nikamwambia Dereva barua yake iko hatua za mwisho kabisa. Akaomba radhi kwa kunisumbua. Akaomba radhi! Akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Bi Polepole alifunga mlango na kunitolea uvivu. Alisema yule mtu anakwisha kwa ajili ya barua ya mistari mitatu, niiandike sasa hivi au nimpe yeye jalada. Nikamjibu jalada ni langu, na nikamwomba kwa heshima asichanganye huruma na kazi. Akasema huruma ndiyo kazi. Sikuona haja ya kuendelea.

Badala yake nikaenda kwa Mkuu. Nikamweleza kwamba kule mbali, mwendo wa saa tano kwa gari, kuna majirani wanaogombania mfereji wa maji machafu, na hakuna mwenye subira ya kuupima kama Bi Polepole. Mkuu akakubali. Bi Polepole anaondoka kesho, anarudi Jumapili. Ni mara ya kwanza kumsifu yule mama katika miaka kumi na moja. Bado nasikia uchungu mdomoni.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ngumu. Leo amekuja Fundi.

Tulikutana katikati ya ngazi, sikuwa na stoo ya kukimbilia. Hakuwa na sindano kwenye ukosi. Macho yamemwingia ndani. Akaniambia mama hali tangu juzi, anabana meno, ukimpa maji anayaachia yatoke. Ameshauriana na moyo wake. Amekubali mdogo wake aje. Aje hata leo, hata sasa hivi.

Nikamuuliza kwa nini asimwite mwenyewe. Akanitazama kama mtoto anayeulizwa swali la mtego. Akasema si nilimwambia wasiendeane wala kutumiana ujumbe? Si nilimwambia hakimu? Yeye hajawahi kusimama mbele ya hakimu, na akifungwa, nani atamgeuza mama? Amekuja kuomba ruhusa. Akauliza kama anaweza hata kumtuma jirani akamwite pale dukani, maana anamwona kila siku amesimama.

Naomba shajara hii inielewe. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Tatu! Nikimpeleka ofisini, karani ataandika kwamba upande wa kwanza umerudi kuomba hati ibadilishwe. Hiyo si salamu tena. Nikimwambia amwite bila barua, nimevunja hati yangu mwenyewe, na kesho kila mtu ataona kwamba haikuwa na meno. Nikafikiri haraka. Nikamshika bega, nikamwambia amefanya uamuzi wa busara sana, na kwamba barua itamfikia Jumatatu saa sita mchana, nitaileta mwenyewe. Kwa sasa afuate hati.

Akauliza Jumatatu hii? Nikasema hii hii. Akasema sawa. Akashuka.

Nimeichapa barua leo hii hii, mapema kabisa, nikaiwekea tarehe 17. Hakuna atakayesema sikujali.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi. NIMESHINDA! Mkuu alisimama mbele ya ubao, akasoma: ishirini kwa ishirini, rekodi ya ofisi. Karani akapiga makofi na kulitazama dirisha. Bi Polepole amerudi na matope hadi magotini. Wale wa mfereji amewaacha wakichimba mfereji mpya pamoja, hati hawajatia saini. Alinipa mkono. Akauliza kuhusu barua. Nikamwonyesha, iko mfukoni, tayari, saa sita nakwenda. Mkuu akaniuliza ningependa kiti chake kile kile au kipya. Nikasema kipya.

Mchana. Nilifika kwa Fundi saa sita kamili. Sikuchelewa hata dakika. Nje kulikuwa na viti vimepangwa na watu wamekaa kimya. Nikadhani wamekuja kushuhudia. Jirani mmoja akanivuta kando, akaniambia mama alifariki jana asubuhi.

Huyo jirani hakujua mimi ni nani, akanieleza yote. Jana alfajiri Dereva alikuwa tayari amesimama pale dukani, kabla hata halijafunguliwa. Fundi alitoka nje pekupeku, kanga begani, akavuka barabara, hatua zote hamsini na tatu, akamshika mkono mdogo wake akamwingiza ndani. Mama alikuwa ameshakata roho, robo saa hivi. Mwili ulikuwa bado na joto. Dereva alikaa pale akiushika mguu wake mpaka wakaja kumtoa.

Niliona aibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nikaegemea mti wa umeme, nikatamani nisingekuwa na ile barua mfukoni. Hali hiyo ilidumu kama dakika mbili.

Kisha nikakumbuka kwamba niliahidi saa sita. Nikawafuata. Walikuwa wamekaa benchi moja, mabega yamegusana. Nikatoa pole, nikamkabidhi Dereva barua. Akaisoma yote, polepole, midomo ikichezacheza. Akaniuliza kama tarehe ni ya leo. Nikamwambia ndiyo, ya leo. Akampa dada yake. Fundi akaisoma, akaikunja. Nikawaletea daftari la kupokelea barua, maana barua isiyosainiwa ni kama haikufika. Nilisimama pale na daftari wazi muda mrefu kidogo. Hatimaye mzee mmoja akanishika mkono, akanisindikiza hadi barabarani.

Hawakulalamika. Hata neno moja.

Alhamisi, 20 Machi

Wamekuja. Pamoja! Fundi ameshika mkono wa mdogo wake, ngazi kwa ngazi. Wakaingia moja kwa moja kwa Mkuu na barua ya malalamiko. Dhidi yangu! Mkuu akaniita, akanipa niisome.

Ni barua nzuri, lazima niseme. Mwandiko wa Fundi, chini saini mbili. Hakuna mstari uliofutwa, hakuna aliyeongeza lake pembeni. Nikamweleza Mkuu, mbele yao, kile ambacho kila mwenye akili angekiona: wiki mbili zilizopita watu hawa hawakuweza kutazamana, leo wanaandika barua moja. Wanailalamikia ofisi, hawalalamikiani wao kwa wao. Kwa maana hiyo mgogoro wao umekwisha kabisa, na aliyeumaliza ni mimi. Niliomba hilo liandikwe.

Mkuu alinitazama mpaka nikajipangusa usoni, nikidhani kuna kitu. Akainuka, akaenda ubaoni, akaibandua ile karatasi yangu ya kijani na kuitia mfukoni. Kisha akafungua jalada jipya. Walalamikaji: dada na mdogo wake. Mlalamikiwa: mimi. Msuluhishi: Bi Polepole. Akasema yeye hastaafu kwanza. Uteuzi umesimama mpaka shauri hili liishe. Kwa Bi Polepole! Nitaota mvi zilizobaki.

Tukaingia chumba cha kikao. Aliwasha feni. Hakuleta karatasi hata moja, wala kalamu. Akamwambia Fundi aanzie popote anapotaka, asipotaka asianze. Tukakaa kimya, nadhani dakika kumi. Kwangu kikao kizima kingeshakwisha.

Kisha Fundi akasema, akiitazama meza, kwamba kuna jambo hajamwambia mtu. Tangu kiharusi, mama yao alibakiwa na neno moja tu mdomoni. Neno lenyewe ni jina la utotoni la Dereva, lile mama alilomwita alipokuwa anatambaa. Akigeuzwa, analisema. Akioshwa, analisema. Fundi aliyemwinua kila asubuhi kwa miaka miwili hakuwahi kuitwa jina lake hata mara moja. Hapo ndipo alipofunga mlango. Habari ya baba ilikuwa kisingizio cha kuwaambia watu. Ijumaa ile, mama aliacha hata hilo neno, akabaki kuutazama mlango tu. Ndipo akaja kwangu.

Dereva aliinamisha kichwa hadi kikagusa meza, mabega yakatikisika. Dada yake akamwekea mkono mgongoni. Akasema, "Nisamehe mdogo wangu, nilikunyima." Naye akasema asamehewe yeye, kwa baba, kwa kila kitu, na maneno yakapishana hata sikuelewa ni nani anayemsamehe nani. Machozi yalikuwa yanamtoka Bi Polepole, wala hakuyafuta.

Kisha wote watatu wakanigeukia. Hakuna aliyenikasirikia, hilo naliapia. Bi Polepole akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kuna chochote ningependa kuwaambia hawa wawili.

Nilifikiri. Nilifikiri sana. Nikatazama saa: saa moja na dakika kumi tangu tuingie. Nikawatazama wao, uso mmoja baada ya mwingine. Pande zote zilikuwa zimelainika, nafasi kama ile haipatikani mara mbili.

Nikamuuliza Bi Polepole nitie saini wapi.